Bibi Bado Anapigwa Picha

Hospitali ya watoto, chumba cha picha
4 Machi

Mama Chiriku,

Alama za meno ya binti yako zimeanza kufutika mkononi mwangu, kwa hiyo nimeona nishike kalamu kabla hujadhani nimenuna. Sijanuna. Nimeng'atwa na watoto wengi katika kazi hii, na huyu wako ana meno imara kuliko wote.

Uliniomba niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu Chiriku anasikia hata yanayonong'onwa chumba cha pili. Haya, naandika, na muuguzi wa zahanati yenu amekubali kuwa tarishi wetu. Mimi ndiye yule dada mnene wa mashine ya MRI, ile ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ambaye watoto wananiita Shangazi Picha. Mwaka huu hospitali imenipa kazi mpya, kuwaandaa watoto na wazazi wao kabla ya siku ya picha, ili tuachane na ile tabia ya mtoto kushikwa na watu wanne huku mama analia kwenye korido. Kwa mwanao nimeanza vibaya, nakiri: tulimshika kwa nguvu, akaning'ata, na picha ikatoka ukungu mtupu.

Nikwambie tulipofika. Daktari wa upasuaji anaamini kuna uvimbe unaobana uti wa mgongo wa Chiriku, na ndiyo maana anaburuta mguu. Hawezi kupasua bila kuona uvimbe umekaa wapi. Watoto wengine wa miaka sita tunawapa dawa ya usingizi, wanalala, tunapiga picha. Chiriku hapana. Koo lake ni jembamba, na unakumbuka alivyokatika pumzi mara ile alipolazwa usingizi. Siku ya upasuaji watakubali hatari hiyo mara moja, wakiwa na vifaa vyote mkononi. Kwenye chumba chetu chenye sumaku vifaa hivyo haviingii. Kwa hiyo lazima alale akiwa macho, ametulia tuli, kwa muda wa kipindi kimoja cha shule. Akitikisika tunapata ukungu mtupu.

Tafuta boksi kubwa, kama la friji. Litoboe pande zote mbili, achezee kuingia na kutoka. Gonga sufuria akiwa ndani ili azoee makelele. Na jambo moja zaidi: kama kuna mtu wa familia aliyewahi kupigwa picha hospitali, mpe mtoto habari zake. Watoto wanawaamini watu wao kuliko sisi wenye makoti. Je, yupo?

Mje kwa mazoezi tarehe 14. Picha yenyewe ni tarehe 27. Na kwa kuwa wewe ni mjamzito, sitakuruhusu kuingia kwenye chumba cha mashine, hata ukinipiga kwa mkoba. Fikiria nani ataingia naye.

Wako,
Shangazi Picha


Nyumbani
9 Machi

Dada yangu Shangazi Picha,

Boksi limepatikana. Duka la jirani walinipa bure, na sasa limejaza sebule nzima, tunalizunguka kama ng'ombe aliyelala njiani. Nimegonga sufuria mpaka mpangaji wa juu akashuka kuuliza kama kuna harusi.

Ila Chiriku haingii. Anamwingiza mwanasesere wake, anafunika kwa kanga, kisha anakaa pembeni na kumngoja. Nikimwambia, "Haya, mtoe," anasema bado. Jana alikataa kula mpaka mwanasesere atoke, na nilipomtoa mimi alilia kama nimemwibia. Wewe unayewajua watoto, huu ni mchezo gani?

Mguu umezidi kuwa mzito. Zamani alikuwa anauburuta kwenye ngazi tu, sasa hata sebuleni. Hasemi kitu, na yeye ni mtu wa kusema hata usingizini, ndiyo maana tukampa jina hilo. Roho yangu iko juu muda wote.

Baba yake yuko kazini mbali, wanajenga daraja, yeye ni mchomeaji wa vyuma. Sidhani kama atapata ruhusa. Tutaona nani wa kuingia naye.

Kuhusu swali lako, hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kupigwa picha.

Wako,
Mama Chiriku


Hospitali ya watoto
15 Machi

Mama Chiriku mpendwa,

Leo naandika huku nacheka peke yangu. Jana ulikaa kule mapokezi na tumbo lako ukashika tama, ukidhani ndani kunachinjwa mtu. Ngoja nikwambie kilichotokea, maana mliondoka mbio mbio kuwahi usafiri na hatukuongea.

Mwanzo alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaitazama mashine kama anayemtazama mbwa asiyemjua. Nikamwonyesha kitanda kinavyotembea. Nikamwekea zile sauti, akaziba masikio lakini hakukimbia. Halafu akasogea polepole, akainama, akachungulia kwenye tundu la mashine mpaka mwisho. Akaniuliza, "Bibi ameshatoka?"

Kumbe bibi yake aliwahi kupigwa picha, na wewe ukaniambia hakuna! Labda ulisahau, mimba zina mambo yake. Nikaona hapo hapo mlango umefunguka. Nikamwambia bibi alishatoka zamani, picha yake ilitoka nzuri sana, na sasa ameshaenda nyumbani. Mama Chiriku, laiti ungeuona ule uso! Alinikumbatia miguu. Akapanda kitandani mwenyewe, akalala, akahesabu nami mpaka hamsini bila kutikisa hata kidole cha mguu.

Nimemwambia daktari wa upasuaji kwamba tarehe 27 tutaipata picha. Amefurahi, maana amesema mguu ukifikia kukosa hisia kabisa, hata upasuaji huenda usiurudishe.

Mwombe bibi aongee naye kidogo kila siku kuhusu mashine. Huyo ndiye dawa yetu.

Wako mwenye furaha,
Shangazi Picha


Nyumbani
17 Machi

Shangazi Picha,

Umemwambia nini mwanangu?

Tangu tuliporudi hachezi. Siku ile ile alipanga viatu vya bibi yake mlangoni, akatandika kitanda chake, akaketi kwenye ngazi ya nje. Nilimuuliza anamngoja nani. "Bibi. Shangazi Picha amesema ameshatoka." Jana alikaa hapo tangu asubuhi. Kila mtu akikunja kona, yeye anainuka, na huo mguu wake, anashika ukuta, kisha anakaa tena. Leo ameniuliza kama bibi amepotea njia. Jioni akasema, "Shangazi Picha ni mwongo." Amelipasua boksi lote kwa mikono, na hataki kusikia jina la hospitali.

Bibi yake amekufa. Mama mkwe wangu, mama wa mume wangu, amekufa tangu mwezi wa tisa. Alianguka jikoni, wakampeleka hospitali ya wakubwa, wakasema apigwe picha ya kichwa. Aliingia anaongea, anamtania mume wangu kuhusu soksi zake. Walimtoa amefunikwa.

Chiriku na bibi yake walilala kitanda kimoja tangu alipoacha kunyonya. Mume wangu aliporudi nyumbani usiku ule, mtoto alimuuliza bibi yuko wapi, na yeye, mwenye mwili kama mlango, aliinama kuvua viatu. Akasema, "Bibi anapigwa picha." Kesho yake mtoto akauliza tena. "Bado anapigwa picha." Tukamhamishia kwa dada yangu hadi mazishi yapite. Na tangu hapo imekuwa hivyo hivyo, bado, bado, mpaka akaacha kuuliza, na sisi tukajidanganya kwamba amesahau.

Ndiyo, nilikudanganya uliponiuliza. Niliona aibu. Ningeandikaje kwamba mwanangu anakataa kuingia kwenye mashine yako kwa sababu sisi wazazi wake tulimwambia humo ndimo alimobaki bibi yake? Lakini wewe nawe! Ungesema hujui. Neno moja tu, sijui, lingekushinda nini?

Mama Chiriku


Hospitali ya watoto
19 Machi

Mama Chiriku,

Pole sana kwa msiba. Naandika pole hiyo nikijua imechelewa, na kwamba nimemwaga chumvi juu ya kidonda.

Hasira yako ni haki yako. Nilisema nisichokijua kwa sababu nilitaka mtoto apande kitanda, na alipopanda nikajiona bingwa. Nikajisifu hadi kwa daktari. Tangu nisome barua yako, kila nikifunga macho namwona kwenye hiyo ngazi.

Sasa nisikilize, hata kama hutaki kuniona. Wenzangu hapa wanasema tumfunge mikanda tarehe 27, tumalize. Nimekataa. Mikanda inashika mikono, haishiki kifua kinachopanda na kushuka kwa kilio, na picha itakuwa ukungu kama mara ya kwanza. Tutakuwa tumemtesa bure. Wengine wanasema tumwambie bibi amesafiri. Hilo nalo nimekataa. Uongo wa tatu hatauamini, na akiuamini atamngoja tena.

Anatakiwa kuambiwa kwamba bibi amekufa, na aambiwe kabla hajalala kwenye kile kitanda. Aambiwe na mtu wake, kwa neno lenyewe. Si "amelala," maana siku ya upasuaji tutamwambia atalala. Si "ameondoka." Amekufa. Sitachagua nani wa kulisema. Najua ninachokuomba.

Tarehe 27 ikipita, nafasi nyingine ni mwezi wa tano. Unajua mguu hautangoja mwezi wa tano.

Shangazi Picha


Nyumbani
20 Machi

Baba Chiriku,

Nampa barua hii mwenzako anayerudi kazini leo. Kwenye simu hatuwezi kuongea, mwanao yuko ubavuni mwangu mchana kutwa, na wewe nikigusa habari hii mtandao unakatika. Ajabu ya mtandao huo.

Jana Chiriku alianguka akitoka chooni. Hakujikwaa. Mguu ulikataa tu. Alinitazama kutoka chini akasema, "Mama, usimwambie Baba, atasikitika." Mtoto wa miaka sita anakuficha jambo kwa kukuonea huruma. Amejifunza kwetu.

Daktari wangu ameniambia nilale, nisisafiri, mtoto huyu wa tumboni anataka kutoka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo tarehe 27 nitakuwa kitandani. Wewe ndiye utakayempeleka. Na kabla hajaingia lazima ajue kuhusu mama yako. Nimejaribu kumwambia mimi, leo asubuhi. Nilipofungua mdomo akasema, "Bibi ni mama wa Baba, Baba ndiye anajua alipo." Nikaenda kushika kalamu.

Nakupenda, na nimekuonea huruma miezi yote hii. Lakini mwanangu hatapoteza mguu kwa ajili ya sentensi moja inayokukaa kooni. Njoo.

Mkeo


Kambi ya ujenzi wa daraja
22 Machi

Kwa mtaalamu wa picha, hospitali ya watoto

Mimi ni baba wa yule mtoto mnayemwita Chiriku. Mke wangu amenieleza mnachotaka.

Kazi yako ni kupiga picha. Kazi yangu ni kuchomea vyuma. Mimi siendi nyumbani kwa mtu kumfundisha namna ya kuongea na watoto wake. Mtoto wangu anakwenda kupasuliwa mgongo, na wewe unataka aingie huko na msiba kifuani. Akishindwa kuamka, nitakuwa nimempa nini cha mwisho? Habari ya kifo?

Mfungeni mikanda. Nitamshika mwenyewe, nina mikono. Baada ya upasuaji nitamwambia kwa wakati wangu.

Na usidhani sijui hivyo vyumba vyenu. Nilikaa nje ya mlango wa chumba kama hicho, taa nyekundu inawaka juu yangu, nimeshika soksi na miwani ya mama yangu. Niliomba kuingia. Wakasema ndugu hawaruhusiwi. Kisha mlango ukafunguka, na kijana mmoja akapita mbele yangu bila kunitazama usoni. Nikajua.

Tarehe 27 nitakuja. Sitaki kufundishwa.

Baba Chiriku


Hospitali ya watoto
24 Machi

Baba Chiriku,

Sina la kukufundisha. Nina mambo mawili tu ya kikazi.

La kwanza, hapa ndugu anaingia. Utakaa ndani karibu na mtoto, kwenye kiti, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna atakayekutoa. Hao waliokuacha nje walikosea, na aliyepita bila kukutazama alikosea zaidi. Nayasema hayo nikiwa mtu wa kazi hiyo hiyo.

La pili linahusu kazi yako. Mchomeaji wa vyuma anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni bila kujua. Sumaku yetu ikiivuta, unaweza kupofuka. Kwa hiyo siwezi kukuruhusu kuingia kabla sijakupiga picha ya macho, ile ya mionzi ya kawaida, chumba cha jirani. Inachukua muda mfupi. Ukikataa, mtoto ataingia na muuguzi asiyemjua.

Mengine yote ni ya nyumba yako, na nimekuachia.

Shangazi Picha


Hospitali ya watoto
27 Machi, jioni

Mama Chiriku,

Nimekutumia ujumbe mfupi saa ile ile, kwa hiyo unajua picha imepatikana. Ni safi. Uvimbe unaonekana wote, kingo zake zote, na daktari wa upasuaji ameshapanga kumpasua Jumatatu. Amesema mishipa ya fahamu ya mguu bado haijafa. Soma hilo mara mbili, kisha soma yaliyobaki ukiwa umelala.

Walifika asubuhi. Mumeo alikuwa amembeba mgongoni, na Chiriku alinigeuzia uso ukutani aliponiona. Nikapiga magoti nikamwambia, "Nilikwambia jambo nisilolijua. Nilikosa. Samahani." Sikutegemea anijibu.

Nikamwambia baba yake ni zamu yake ya picha ya macho. Hapo ndipo yote yalipoharibika. Chiriku alisikia neno picha, akamng'ang'ania suruali, akapiga kelele ambazo nadhani mlizisikia huko, "Baba usiende! Baba usiingie!" Mumeo, mtu mkubwa vile, alisimama mlangoni ameshika kitasa. Nilidhani atambeba mtoto aondoke naye. Nisingemzuia. Alisimama hivyo, akimtazama mtoto, halafu akamwambia, "Nakwenda na ninarudi," akaingia. Muuguzi alimshika Chiriku. Taa ikawaka juu ya mlango, na mtoto akanyamaza ghafla, akaikodolea macho. Sijawahi kuona mtoto aliyetulia namna ile, na sikupenda nilichokiona.

Mlango ukafunguka, baba akatoka.

Chiriku alimpapasa kwanza. Mikono, masikio, mashavu, kama anakagua mzigo uliotoka safarini. Kisha akauliza, mbele yetu sote, "Wewe umetoka. Mbona Bibi hakutoka?"

Nikafanya kuondoka, mumeo akaniambia nibaki. Akakaa sakafuni, pale pale koridoni, watu wanapita na machela. Akamwambia, "Bibi amekufa, mwanangu. Alikufa siku ile ile. Hakubaki kwenye mashine. Tulimzika. Mimi nilikuficha kwa sababu nilishindwa kulisema." Alilisema lote, Mama Chiriku, kwa neno lenyewe.

Chiriku alilia, ndiyo. Alimpiga baba yake kifuani kwa ngumi, na baba akamwachia apige. Halafu akauliza kama bibi alikuwa peke yake mle ndani. Nilimwona mumeo akitafuta jibu jepesi, na akaliacha. Akasema, "Alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa nje."

Chiriku akamvuta mkono. "Basi leo wewe uingie."

Macho ya mumeo hayakuwa na chuma. Waliingia wote wawili. Nikamlaza, nikamziba masikio, nikamwekea mpira wa kubonyeza mkononi akitaka tusimame. Baba yake akakaa kwenye kiti miguuni pake, akaushika ule mguu mbovu kwa mikono yote miwili. Nikarudi kwenye chumba changu cha kioo nikawasha mashine.

Unazijua kelele zake. Katikati ya zile kelele nikaona mabega ya mumeo yanatikisika. Alikuwa analia, mdomo wazi, analia kama mtoto, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, akiamini hakuna anayemsikia. Nikaogopa. Nikajua Chiriku akimwona atainuka, na picha itakwisha. Lakini kwenye skrini yangu hakukuwa na ukungu. Kila picha ilitoka safi. Hakubonyeza mpira hata mara moja.

Mashine ilipozima nikasema kwenye kipaza sauti, "Chiriku, tumemaliza. Unaweza kusogea sasa."

Hakusogea. Akanijibu kwa sauti ndogo sana, "Bado. Baba hajamaliza kulia."

Nikazima kipaza sauti, nikatoka nikafunga mlango, nikamwambia mgonjwa anayefuata asubiri.

Shangazi Picha